Nafasi Alizoacha Kulwa

Bariadi, 14 Aprili 2024

Dada Scola,

Najua Mlezi wako alikwambia siku ileile, kwa sababu Padri alimpigia simu kutoka nyumbani Nkololo. Alichokwambia ni kweli. Kulwa amefariki. Umetuma neno kwamba nikuandikie ilivyokuwa, na kwa kuwa mwaka huu wa unovisi, kabla hujawa sista, huruhusiwi simu wala kuja nyumbani, nakuandikia.

Ilikuwa Jumatano jioni, katikati ya Machi. Alikuwa anatoka Nyakabindi kwa pikipiki, peke yake. Ng'ombe alivuka barabara, Kulwa akamgonga. Ng'ombe aliinuka akaondoka. Kulwa hakuinuka. Waliompeleka hospitali walisema alikata roho njiani. Mwenye ng'ombe alikuja msibani, akakaa na wanaume mpaka tukazika. Hakuna aliyemwambia neno baya.

Tumemzika nyumbani, karibu na baba. Padri aliadhimisha misa. Hakuna aliyelia. Bibi Milembe alisimama mlangoni tangu asubuhi, na kila mwanamke aliyefika akiwa ameshaanza kulia njiani alimkatiza: "Nyamaza. Humu ndani kuna pacha amebaki. Ukimlilia aliyekwenda, unamwonyesha njia huyu." Wanawake wakawa wanajifuta uso na kupitiliza jikoni. Mama alisonga ugali wa watu wote. Ungemwona, ungedhani ni shughuli ya jirani.

Pacha aliyebaki ni mimi, kwa hiyo nilikaa pale katikati ya wanawake nikitazamwa. Mjomba Mahona aliniletea sahani, akaniambia, "Doto, kula. Wakikuona unakula watatulia." Nikala. Wakatulia.

Nimerudi chumbani kwangu mjini. Nakula, nalala, nafua. Kuna mwanamke wa nyumba ya pili amesema nina roho ngumu. Alisema kwa sauti, nadhani alitaka nisikie. Nikaendelea kufua.

Ni mimi,
Doto


Nyumba ya Malezi, Tabora, 2 Mei 2024

Mdogo wangu Doto,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma kanisani, halafu nikaisoma tena bustanini. Asante kwa kuniandikia bila kunificha. Mlezi huzisoma barua zetu, zinazoingia na zinazotoka, kwa hiyo naye anakupa pole kupitia hapa.

Nilimwomba ruhusa nije. Akaniambia kanuni ni kanuni, tumtolee Mungu. Nimemtolea.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye mkubwa wenu. Bibi nampenda, lakini jambo hili si sawa. Bwana Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na alijua atamfufua. Hakuna pacha aliyekufa kwa sababu mwenzake ameliliwa kaburini. Kama pale nyumbani huwezi, toka, nenda mahali hakuna mtu, ulie umalize. Mama naye umwambie hivyohivyo. Mwambie nimesema mimi.

Na muziki wenu? Novisi wenzangu wananiuliza ndugu yangu alikuwa anafanya kazi gani, nasema alikuwa mwanamuziki, wananiuliza muziki gani, naishia hapo. Nilipoondoka mlikuwa mnaimba kwenye harusi tu. Baadaye nikasikia mnarekodi wenyewe, hamna meneja. Nieleze. Nataka nikimwombea nijue namwombea mtu aliyekuwa anafanya nini.

Ndimi dada yako,
Scola


Bariadi, 20 Mei 2024

Dada Scola,

Mama nilimwambia ulivyosema. Akajibu, "Scola yuko mbali." Akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilitoka nikaenda mpaka mtoni kama ulivyoelekeza. Maji yalikuwa yamekauka, kulikuwa na watu wanachota mchanga. Nikakaa kidogo, nikarudi. Hakikutoka kitu.

Kuhusu muziki. Nitakueleza kama ninavyowaeleza watu wa redio wakiniuliza, ila wewe sitakuficha mambo.

Kwanza, hatuandiki. Kulwa alikuwa na mwandiko wa daktari, na mimi nikiandika wimbo unakuwa kama insha ya shule. Namna yetu ilitoka shambani kwa mama. Wewe ulikuwa sekondari ya bweni, hukuona. Wakati wa kuvuna pamba kila mtu anashika mstari wake, na mistari ni mirefu. Mmoja anatangulia, mwingine anabaki nyuma, mnaitana ili jua lisiwalaze. Yeye alikuwa anauliza, mimi najibu. Anauliza lolote. Mbuzi wa nani yule? Umeota nini jana? Jibu lazima litoke palepale na likae kwenye mwendo wa mikono. Ukifikiri umechelewa.

Tulipoanza kurekodi kwa Paschal tulibaki na namna hiyohiyo. Paschal ana chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, amegongomea magodoro ukutani, ukiimba sana unasikia harufu ya dawa ya kupe. Kwanza Kulwa anachukua gunia. Analijaza pamba nusu, anasimama ndani, anashindilia kwa miguu kama tunavyofanya wakati wa kufungasha, na Paschal anasogeza kipaza sauti chini. Hiyo ndiyo ngoma yetu. Kinanda hatutaki. Halafu Kulwa anaimba maswali yake peke yake, na baada ya kila swali anaacha nafasi tupu. Haniambii ameuliza nini. Siku nyingine naingia mimi, navaa hedifoni, nalisikia swali kwa mara ya kwanza, najibu hapohapo, mara moja tu. Jibu likiwa bovu tunautupa wimbo wote. Paschal alikuwa anaumia. "Mnatupa nyimbo kama maganda!" Lakini zilizobaki, watu wanazijua.

Alikuja mtu kutoka Mwanza akataka kutusimamia. Akasema tutaje majina ya matajiri kila baada ya ubeti, ndivyo wanavyofanya wanaokula. Kulwa akamwambia, "Taja la kwako tusikie." Jamaa akataja yote matatu. Kulwa akatikisa kichwa: "Hapana kaka. Halichezeki." Tukabaki wenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu ya wiki ile Kulwa aliingia kwa Paschal akarekodi maswali. Matatu, na nafasi tatu. Yapo. Mimi sijayasikia.

Mama anajua, kwa sababu Paschal alipokuja kutoa pole alilisema mbele ya watu, alidhani anatufariji. Bibi alimtazama mpaka akaweka kikombe chini. Akanigeukia mimi: "Akikuita, usiitike." Unaijua hiyo. Pacha aliyebaki akisikia mwenzake anamwita, haitiki, anakaa kimya mpaka sauti ichoke. Akiitika amekubali kwenda. Tangu siku hiyo, kila nikifika nyumbani mama ananiuliza kabla ya salamu:

"Hujaitika?"

"Sijaitika, mayu."

"Wabeja."

Akishashukuru hivyo ndiyo ananipa kiti. Amekonda. Usiku anakuja kuniangalia kama napumua, akidhani nimelala.

Na mimi bila wimbo huo sina wimbo. Nimejaribu kujiuliza mwenyewe kwenye simu, nirekodi swali leo nijibu kesho. Haiwezekani, jibu nalijua kabla. Kwa hiyo nimekaa. Mama anataka nikae hivihivi, na mimi siwezi kusema ana kosa. Amebaki na mmoja hapa.

Ni mimi,
Doto


Nyumba ya Malezi, Tabora, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Doto,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefikiri sana kabla ya kukujibu, na nimeomba. Jibu langu ni hili: mwitikie.

Ile ni sauti kwenye kompyuta ya Paschal. Siyo roho, siyo mzimu, ni kazi ya mikono ya kaka yako aliyoiacha katikati. Kama angekuwa fundi akaacha mlango haujapigwa bawaba, ungeuacha nje unyeshewe? Mungu amekupa kipaji kwa nusu yako wewe, hakukupa kwa nusu ya Kulwa. Ukimaliza huu, utajua kama unaweza mwingine. Usipoumaliza hutajua kamwe, na bibi atakuwa amezika wawili bila kujua.

Mlezi aliniita wiki iliyopita. Akaniuliza mbona sijalia, wenzangu wakifiwa wanalia hata chakulani. Nikamwambia ndivyo nilivyolelewa. Akasema hiyo siyo sababu, hayo ni malezi. Akaniongezea zamu ya bustani, anaamini udongo unasaidia. Napalilia mchicha. Mchicha unaota vizuri.

Kuhusu mama usiogope. Jambo hili nalibeba mimi. Siku akijua, mwambie Scola alinituma. Mimi ni mtu wa kanisa, atanisikia.

Usimwambie kwa sasa.

Dada yako,
Scola


Bariadi, 24 Juni 2024

Dada Scola,

Nimeitika.

Nilikwenda kwa Paschal mchana, kuna mtu dukani alikuwa anabishana kuhusu chanjo ya kuku, tukasubiri aondoke. Nikavaa hedifoni. Gunia likaanza. Nilisikia kisigino chake cha kulia kikizidi nguvu, kama kawaida yake.

Wimbo ni wa Kisukuma, nakuandikia kwa Kiswahili kwa ajili ya Mlezi. Swali la kwanza: "Doto, umekula?" Nikajibu, "Nimekula michembe ya viazi." La pili: "Nani amekuamsha leo?" Nikajibu, "Jua." La tatu: "Doto, umefika wapi?" Nikajibu, "Bado niko katikati."

Ikaisha. Nikavua hedifoni. Paschal alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Umelia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mimi nimelia."

"Pole."

Akanitazama kama yule mwanamke wa nyumba ya pili anavyonitazama. Nilidhani nikiitika kitatokea kitu, kizuri au kibaya. Hakikutokea. Nilinunua mkaa nikarudi.

Paschal ameomba autume mtandaoni kwa wale wanaocheza nyimbo zetu, nimemkubalia. Ni namna yetu siku zote, tunatoa mbichi. Mama ana simu ya vitufe, hatausikia huko. Jumamosi nitakwenda Nkololo nimwambie mwenyewe, kwa mdomo. Kabla ya hapo nakwenda Zagayu, kuna wanawake wanavuna kwa zamu shamba kwa shamba na wanaimba, nataka nirekodi miguu yao kwenye magunia. Kama nitakuwa na nyimbo za peke yangu, nitahitaji ngoma isiyo ya Kulwa.

Ni mimi,
Doto


Nyumba ya Malezi, Tabora, 6 Julai 2024

Mdogo wangu Doto,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umefanya vizuri! Nilipofika pale kwenye "Jua" nilicheka kwa sauti, Sista wa jikoni akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni mdogo wangu. Ndivyo ulivyo, tangu utoto, mtu akikuuliza jambo refu unamjibu neno moja.

Usijali kwamba hukuhisi kitu. Kwa kawaida neema haipigi hodi. Umemaliza kazi, hilo ndilo kubwa.

Sasa hivi bila shaka umeshamwambia mama. Ningependa ningekuwepo nimwone uso akisikia watoto wake wawili wanaimbiana tena. Naona kama alisema "Wabeja" yake ile. Nakosea? Niandikie alivyosema, neno kwa neno, usifupishe.

Wanawake wa Zagayu walikubali?

Dada yako anayejivunia,
Scola


Bariadi, 17 Julai 2024

Dada Scola,

Barua yako imenikuta mambo yameshatokea. Umeomba nisifupishe.

Wanawake wa Zagayu walikubali. Mmoja aliniambia, "Wewe na hicho kidude, tuimbe au tuvune?" Nikasema vyote. "Basi chukua gunia na wewe, tuone kama mikono ya msanii inajua pamba." Nikavuna nao. Nilirekodi mpaka simu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika, sikuhangaika. Nilikuwa nimesema nitafika nyumbani Jumamosi, na Jumamosi nilipanda pikipiki ya kwenda Nkololo.

Tangu barabarani nilisikia kilio. Nikajua ni bibi amefariki. Nilimlipa mwenye pikipiki, nikajifunga kitenge vizuri, nikaingia. Pale uani kulikuwa na watu wengi wamekaa chini. Flora, mke wa Shigela jirani yetu, aliponiona alipiga yowe akaangusha ndoo. Watu wakasimama. Wengine walirudi nyuma. Bibi alikuwa mzima, amekaa mlangoni pake.

Msiba ulikuwa wangu.

Ilikuwa hivi. Alhamisi Flora alikuwa bombani na simu yake, akafungua wimbo kwa sauti. Mama alikuwa anakuja na ndoo. Akamsikia Kulwa ananiita na mimi naitika. Akamuuliza Flora, "Huo ni wa zamani?" Flora akamjibu, "Mpya kabisa mama, umetoka jana." Mama akauliza tena, na Flora, kwa kutaka kumfurahisha, akarudia: wametoa jana, Kulwa na Doto. Mama akasema anipigiwe simu. Haipatikani. Wakapiga tena na tena. Mama akaweka ndoo chini akasema, "Wamekutana." Basi. Hakuuliza kitu kingine.

Alianza kulia jioni hiyo na bibi hakumzuia. Hakuwa na sababu ya kumzuia, Dada. Hakukuwa tena na pacha aliyebaki wa kulindwa. Majirani nao walikuwa na kilio cha tangu Machi, wakakitoa. Mjomba Mahona aliondoka na pikipiki kunitafuta Bariadi, akakuta chumba kimefungwa, akarudi na jibu hilo.

Nilipoingia, mama alinitazama. Akanishika uso, halafu mikono, akaibana kama anayepima joto. Akasema, "Doto."

"Abee, mayu."

Hakuacha kulia. Nilidhani ataacha. Alinikalisha mbele yake, akanishika kwenye magoti, akaendelea, na jina alilokuwa analitaja ni langu. Doto mwanangu, Doto mwanangu, na mimi nimekaa pale namtazama. Bibi aliinuka mlangoni. Nikajua sasa atamnyamazisha, maana pacha amebaki na amri imerudi. Akafika mpaka tulipo. Akamtazama mama kwa muda. Mwanamke mmoja akamuuliza, "Tufanyeje, bibi?" Bibi akajibu, "Anamlilia Doto. Doto si huyu hapa? Hakuna mwiko hapo." Akarudi mlangoni akakaa.

Mama alilia mpaka Jumapili mchana. Halafu akaamka, akanawa, akaenda kutazama mbuzi.

Tangu siku hiyo hajasema na mimi. Ananiwekea chakula, ananitandikia, hasemi. Haniulizi tena kama nimeitika. Mjomba aliniuliza mbele yake nani alinituma kufanya hivyo. Nikasema nilijituma.

Nimemwambia Paschal auondoe. Ameuondoa, ila uko kwenye simu za watu. Nimerudi mjini na sirekodi. Nimeamua hivi: mama akisema niache, nitaacha, muziki wote. Nasubiri aseme. Wala siogopi, wala sina uchungu. Nangojea tu.

Ni mimi,
Doto


Nyumba ya Malezi, Tabora, 30 Julai 2024

Doto,

Niliisoma barua yako bustanini. Nilipomaliza niliikunja nikaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, sikujua la kufanya na mikono.

Nilikwambia ungoje kumwambia mama. Niliandika "usimwambie kwa sasa" nikaona nina busara. Ningekuwa hapo nyumbani nisingeandika hivyo, ila nilikuwa mbali na nikaandika.

Leo nimemwandikia mama barua yake mwenyewe, nimeituma kwa Padri amsomee. Nimemwambia ni mimi niliyekutuma. Hukupaswa kunificha, na Mlezi ameisoma akasema iende kama ilivyo.

Akisema uache, sitakubishia. Asiposema, usijisemee kwa niaba yake.

Scola


Bariadi, 19 Agosti 2024

Dada Scola,

Padri alimsomea mama barua yako baada ya misa, kwenye benchi la nje. Anasema mama alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo walikuwa wawili." Akashukuru, akaenda zake.

Jumanne iliyofuata nilisikia hodi. Ni mama. Hajawahi kufika chumbani kwangu, aliulizia dukani. Akatazama kitanda, akatazama sufuria, akakaa.

"Huo wimbo uko wapi?"

Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile. Nikamwambia nimeuondoa, ila Paschal anao.

"Paschal yuko mbali?"

"Siyo mbali, mayu."

Tukaenda kwa miguu. Paschal alipomwona mama alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akaleta soda, mama akaiweka chini. Akampa hedifoni, mama akazirudisha: "Mimi masikio yangu ni mazima. Weka kila mtu asikie." Paschal akaweka kwenye spika kubwa. Nilisimama karibu na mlango. Nilijua kwamba mwisho wa wimbo mama atasema, na atakachosema ndicho nitakachofanya.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipoisha akasema, "Tena." Paschal akarudia. Mama akamgeukia.

"Paschal, mwanangu, mashine yako ndiyo mbovu au huyu?"

"Wapi, mama?"

"Hapo mwisho. Mwenzake hajamaliza, yeye ameshajibu. Anaongea juu yake."

Paschal akanitazama mimi. "Nilidhani ulifanya kusudi," akasema. Nikamwambia sijui anaongelea nini. Kulwa aliuliza "umefika wapi," akavuta pumzi, nikajua nafasi ni hiyo. Paschal akazima sauti yangu akacheza mwisho peke yake. Kulwa anavuta pumzi, halafu anaendelea: "Doto, umefika wapi? Mimi nimemaliza mstari wangu, narudi kwenye wako."

Hilo nilikuwa sijalisikia, Dada. Kwenye hedifoni nilikuwa najisikia mimi naimba.

Mama akaomba afunguliwe soda. Akanywa nusu. Nikamuuliza, maana lazima niulize, "Mayu, niache?"

"Uache nini?"

"Kuimba."

"Mimi nimekwambia uache?" Akainuka, akajifunga kitenge. "Nimekwambia umwache mwenzako amalize. Mna haraka ya nini nyie?"

Nikamsindikiza kwenye gari la Nkololo. Nikamuuliza kuhusu bibi. Amesema bibi hataambiwa kwamba naendelea, kwa sababu siku hizi hasikii vizuri. Si kweli, bibi anasikia mpaka chungu kikichemka kwa jirani. Nimeliacha hivyo.

Jana nilirudi kwa Paschal. Tumelitoa jibu langu la tatu pale lilipokuwa, Kulwa akamaliza. Baada ya kumaliza kuna nafasi tena, ndefu, gunia linaendelea peke yake. Kumbe nafasi ya tatu ilikuwa hapo, mimi nilikuwa nimejibu mahali ambapo hajaniachia. Paschal akaniwekea hedifoni masikioni, akasema, "Haya, hapo anakusubiri. Utamjibu nini?"

Nikamwambia hapo huwa hakuna jibu. Shambani mwenzako akimaliza mstari wake akasema anarudi kwenye wako, humjibu. Unasogea kidogo, yeye anaingia, mnaendelea kuvuna.

Akauliza basi afanyeje. Nikamwambia aache gunia lilie mpaka liishe.

Ni mimi,
Doto